Je, wajua mwanahisabati Euler alijuaje kwamba 2,147,483,647 haigawanyiki, na kompyuta hamna?

Kama umewahi kuandika programu basi hii namba 2,147,483,647 unaijua, ndo ukomo wa namba kwenye mifumo ya biti 32 (biti ni nafasi moja ya 0 au 1), biti moja inashika alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, na 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1 unaipata hiyo. Ndo maana saa za mifumo ya zamani inayohesabu sekunde toka 1970 zitajaa tarehe 19 Januari 2038, kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi.

Ila utamu wenyewe ni kwamba namba hii ni tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, na aliyethibitisha ni Leonhard Euler, aliandika kwenye barua mwaka 1772 akiwa St. Petersburg, Urusi, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa. Aliwezaje?

Njia ya kawaida ni kujaribu kugawa kwa kila namba tasa mpaka kipeuo cha pili, yaani 46,340 hivi. Humo kuna namba tasa zaidi ya 4,700, kwa mkono utakesha. Euler akazichuja kwanza. Tuseme kuna namba tasa p inayoigawa. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, kila ukivuka p unaitoa p unaendelea na baki. Baada ya hatua 31 umefika 2 kwa kipeo cha 31, ambayo inaizidi namba yetu kwa 1 tu, hivyo lazima urudi kwenye 1, na huwezi kurudi mapema kwa sababu 31 nayo ni tasa. Ukianza na namba nyingine yoyote chini ya p ni vilevile, mzunguko wa namba 31. Yaani namba zote toka 1 mpaka p−1 zinajipanga makundi ya 31 31 bila kubaki hata moja! Kwa hiyo p ukiitoa 1 inagawanyika kwa 31, na kwa kuwa p ni witiri inagawanyika hadi kwa 62.

Kuna sharti lingine pia, ukigawa p kwa 8 baki liwe 1 au 7 tu. Ukiyaunganisha, namba tasa ya kwanza kujaribu ni 311: mara 6,905,092 unapata 2,147,483,612, inabaki 35, imegoma. Inayofuata ni 1,303, katikati hapo hamna kitu! Jumla hazizidi mara 372 za kugawa, na zote ziligoma, namba ikashika rekodi ya tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa miaka mingi.