Anayeimba kantri si lazima awe ndiye aliyetunga
Wengi wanaamini kwamba mwimbaji wa kantri, muziki wa Marekani wenye asili ya vijijini, ndiye aliyeandika maneno anayoyaimba, na kwamba mwandishi wa habari za muziki hubaki mtazamaji tu. Lakini huko Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha kantri, nyimbo nyingi hutungwa na watu ambao sura zao hazijulikani: wawili watatu chumbani, gitaa mapajani, daftari mezani, wakilipwa na kampuni ya uchapishaji wa muziki fedha za awali zinazokatwa baadaye kwenye mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo wake unapotumika. Baadhi yao walianza kama waandishi wa habari, wakihoji wanamuziki na kuhakiki albamu. Sikio lililozoea kunasa kauli nzito kwenye mahojiano ndilo hilo hilo linalodaka kiitikio. Nami naona watunzi hawa wanastahili kutajwa. Fungua wimbo kwenye simu, tafuta orodha ya waliohusika, au soma jalada la CD: watunzi huandikwa hapo kwa majina.