Papa aliwalinda watawa wa Yerusalemu dhidi ya nani?

Kila ninapozungumzia hati ambazo Mapapa waliwapa watawa wa Yerusalemu katika karne ya 12, swali la kwanza huwa lilelile: ulinzi wa Roma ulikuwa na faida gani, wakati adui yuko mlangoni na Roma iko ng'ambo ya bahari? Jibu langu huwashangaza wengi. Hati zile hazikuandikwa kwa kumfikiria mtawala wa Dameski wala wa Misri. Mlengwa alikuwa askofu jirani, Mkatoliki mwenzao, aliyedai zaka za mashamba yao, aliyetaka kupanga nani awe abate wao, yaani mkuu wa nyumba yao, na aliyeweza kuwafungia kanisa siku akikasirika.

Mazingira yenyewe nayapitia haraka. Wapiganaji wa Msalaba waliiteka Yerusalemu Julai 1099, na Walatini, yaani Wakatoliki wa Ulaya, wakajiundia dola nne: Edessa, Antiokia, Tripoli na Ufalme wa Yerusalemu. Waliweka patriaki wao wa Kilatini, yaani mkuu wa maaskofu wote wa nchi, na chini yake maaskofu. Wakati huohuo nyumba za watawa zikaota penye kila mahali patakatifu. Wabenedikto walikaa kwenye kaburi la Bikira Maria katika Bonde la Yehoshafati, na wengine juu ya Mlima Tabor. Makanoni wa Kaburi Takatifu, mapadre wa kanisa hilo walioishi pamoja, walianza kuishi kwa kanuni ya Mtakatifu Augustino mwaka 1114. Malkia Melisende aliwajengea masista abasia pale Bethania, kwa Lazaro, na mdogo wake Yvette akaja kuwa abesi. Wasistersiani, shirika jingine la watawa, walifika Belmont, karibu na Tripoli, mwaka 1157. Siku hizi panaitwa Balamand, na waliopo ni Waorthodoksi. Wafalme na mabwana wakazimwagia nyumba hizi vijiji, vinu na mashamba ya mizeituni. Mali ikija, kesi haziko mbali.

Hati kubwa ya ulinzi huitwa privilegio. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba Papa hakuketi Roma akapanga nani apewe. Watawa ndio walioomba. Abate alimtuma mjumbe avuke bahari akiwa na hati za zamani mkononi na orodha ya mali wanayotaka ithibitishwe, na karani wa Papa akaiingiza orodha hiyo ndani ya maneno yaliyokwishazoeleka. Hakuna aliyetumwa Galilaya kuhesabu mizeituni. Ilikuwa kama mtu anayejijazia fomu mwenyewe kisha anaipeleka ofisini igongwe muhuri. Ndiyo maana nikisoma "kijiji fulani pamoja na ardhi zake zote na vyote vilivyomo" najua anayesema ni abate, hata kama jina lililo juu ni la Papa. Papa akifa, watu makini walirudi kwa mrithi wake kuomba upya, na mara nyingi orodha ilikuwa imenenepa njiani.

Kwa macho, privilegio ni kitu cha kutisha, na ilikusudiwa kutisha. Ni ngozi kubwa, mstari wa kwanza umeandikwa kwa herufi ndefu nyembamba: askofu, mtumishi wa watumishi wa Mungu. Chini kushoto kuna duara lenye msalaba, ndani yake majina ya Petro, Paulo na Papa mwenyewe, na kaulimbiu yake ikizunguka pembeni. Kulia kuna maneno ya kuaga yaliyosukwa pamoja yakawa alama moja. Katikati zinapangwa sahihi za makardinali kwa safu tatu: maaskofu katikati, mapadre kushoto, mashemasi kulia. Kisha unaning'inia muhuri wa madini ya risasi, upande mmoja vichwa vya mitume wawili, upande wa pili jina la Papa. Nyuzi nazo zinasema kitu. Hariri ni ya neema, yaani mtu amepewa haki. Katani ni ya amri na mashauri. Mahakamani mtu aliweza kujua uzito wa hati kabla haijafunguliwa.

Wasomaji wengi huishia kwenye maneno ya mwanzo, pale Papa anaposema anaipokea nyumba hiyo chini ya ulinzi wa Mtakatifu Petro na wake mwenyewe. Mimi huanzia mwisho. Karibu na laana na baraka za kufungia kuna kifungu kifupi cha akiba: yote haya yamekubaliwa bila kugusa mamlaka ya Kiti cha Kitume na haki halali ya askofu wa mahali. Kikiwepo chote, askofu bado ana chake: ndiye atakayetoa krisma, mafuta matakatifu, ndiye atakayeweka wakfu altare na kuwapa watawa daraja, na ana neno juu ya nyumba hiyo. Nusu ya pili ikiondolewa ikabaki Roma peke yake, askofu ametolewa nje ya uzio.

Kuna na suala la sarafu. Nyumba nyingi zilizolindwa zililipa Roma kiasi kidogo kila mwaka, mara nyingi sarafu moja ya dhahabu, na watu wakaanza kudhani kwamba kila anayelipa yuko huru na askofu wake. Papa Aleksanda III ilibidi aliweke sawa. Alieleza kwamba lazima itazamwe hati yenyewe: ikisema sarafu hulipwa kuwa ishara ya uhuru waliopewa, basi wako huru, ikisema ni ishara ya ulinzi, haki ya askofu haijapungua. Huwa nawaambia wanafunzi wasiniletee hoja yoyote juu ya "uhuru" wa abasia fulani kabla hawajanionyesha mstari huo.

Wakatoliki wa kwetu hawana haja ya kwenda mbali kuuelewa mpaka huu. Wanajua shirika la masista la kijimbo, lililo chini ya askofu, na shirika la haki ya Kipapa, lililo chini ya Roma moja kwa moja. Wazee wa kusini mwa Tanzania wanakumbuka pia kwamba Peramiho na Ndanda, kuanzia mwaka 1931 mpaka miaka ya 1960 na 1970 yalipoundwa majimbo, zilikuwa abasia zisizo chini ya jimbo lolote, abate akiongoza eneo zima kama askofu.

Tukirudi Yerusalemu, mfano ambao siuchoki ni wa Hospitali ya Mtakatifu Yohane, shirika la ndugu waliohudumia mahujaji na wagonjwa na baadaye wakashika silaha. Tarehe 15 Februari 1113 Papa Paskali II alimpa Gerard, msimamizi wa Hospitali, privilegio ambayo hata leo iko Valletta, Malta. Aliipokea nyumba chini ya ulinzi, akawaachia zaka za mashamba yao wenyewe, na akaamua kwamba Gerard akifa ndugu watamchagua mrithi wao bila kuwekewa mtu. Akathibitisha pia nyumba za wageni zilizokuwa Ulaya, kuanzia Saint-Gilles huko Ufaransa, kisha Asti, Pisa, Bari, Otranto na Taranto, hadi Messina. Ukiitazama ramani, ni vituo vya njia ya mahujaji. Lakini hati ya 1113 haikumtoa patriaki kwenye Hospitali. Hilo lilikuja polepole, Papa baada ya Papa, hadi Oktoba 1154 Papa Anastasio IV alipowaruhusu kuwa na mapadre wao wenyewe, wasiowajibika kwa askofu yeyote ila kwa Hospitali na Roma.

Patriaki wakati huo alikuwa Fulcher, mzee ambaye tunaambiwa alikaribia miaka 100. Habari tunazipata kwa William wa Tiro, mwanahistoria wa ufalme huo, naye tumsome kwa tahadhari: alikuja kuwa askofu mkuu, kwa hiyo kesi ilikuwa ya wenzake, na wakati wa tukio alikuwa masomoni Ulaya. Anasema Hospitali, ambayo ilitazamana kabisa na mlango wa kanisa la Kaburi Takatifu, ilijenga majengo marefu na ya fahari kuliko kanisa lenyewe. Patriaki akipanda kuhubiri, wao waligonga kengele zao nyingi kwa nguvu mpaka sauti yake isisikike. Alipolalamika walizidisha. Ikafika siku ndugu walishika silaha na mishale ikarushwa hadi ndani ya kanisa. Mishale ikaokotwa, ikafungwa fungu moja kwa kamba na kutundikwa mbele ya Golgota. William anasema aliiona kwa macho yake, kama walivyoiona wengine wengi.

Ugomvi wa kengele unaonekana kama utoto mpaka ukumbuke kifungu kingine cha privilegio. Nchi ikipigwa marufuku ya ibada, yaani askofu akifunga makanisa yake yote, watawa wenye haki hiyo waliruhusiwa kuendelea na sala zao, lakini milango ikiwa imefungwa, kengele bila kupigwa, waliotengwa na Kanisa wakiwa nje, na kwa sauti ya chini. Kila sharti hapo linamlinda askofu. Marufuku ilikuwa silaha yake kubwa kuliko zote, kwa kuwa hakuwa na jeshi. Akishafunga makanisa ya jimbo, watu wakakosa Misa na maziko, bwana mkorofi alilazimika kuja kuzungumza. Sasa shtaka la Fulcher lilikuwa kwamba Hospitali wanafanya kinyume cha kila sharti: wanawapokea waliotengwa, wanawapa sakramenti na kuwazika, wanapiga kengele na kuimba kwa sauti kubwa mji ukiwa umenyamazishwa, na sadaka ambazo zingeenda kwa mapadre wa parokia zinaishia kwao. Kwa hiyo kengele zilikuwa tangazo: amri ya patriaki inaishia upande ule wa barabara.

Mwaka 1155 mzee Fulcher alipanda meli na maaskofu wake kwenda kumshtaki Raymond du Puy, mkuu wa Hospitali, mbele ya Papa Adriani IV. Walifika Italia ikiwa vitani, wakamfuata Papa kutoka mji hadi mji, wakampata Ferentino. Kesi ilisikilizwa siku nyingi na ikaisha bila kuisha. William anataja makardinali wawili tu waliosimama na patriaki, na anawashutumu wengine kwa kufuata zawadi. Hongo huenda ilikuwepo. Mimi naona sababu rahisi zaidi: privilegio ya Anastasio ilikuwa na umri wa kama mwaka mmoja tu. Kumpa Fulcher alichotaka kungekuwa kusema kwamba muhuri wa Papa unadumu mpaka Papa anayefuata. Hakuna ofisi inayojikata mkono namna hiyo. William mwenyewe analijua hilo, maana anaandika wazi kwamba chanzo cha balaa ni Kanisa la Roma, lililoitoa Hospitali chini ya patriaki.

Maaskofu hawakukata tamaa. Kwenye Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa 1179, ambao William alihudhuria, kifungu cha 9 kiliwakemea Hospitali na Watemplari, shirika jingine la ndugu wenye silaha, kwa majina, karibu kwa mashtaka yaleyale ya Fulcher. Lakini kilikemea matumizi mabaya ya haki. Haki zenyewe kiliziacha.

Nyumba za Wagiriki, yaani Waorthodoksi, zina habari yao, na ninaigusa tu. Mwaka 1217 Papa Honori III alimpa Askofu Simeoni wa Mlima Sinai hati ya kuthibitisha mali za monasteri ya Mtakatifu Katarina. Sinai haikuwa ndani ya dola za Msalaba, ila watawa walikuwa na mashamba Krete, na Krete ilikuwa imeangukia mikononi mwa Venezia. Walijua mwenye nguvu mpya anaheshimu muhuri gani, wakaenda kuutafuta.

Salahuddin, mtawala wa Misri na Shamu, alishinda vita vya Hittin Julai 1187 na kuingia Yerusalemu Oktoba. Hapo ndipo orodha za mali zinapoonyesha kazi yake. Vijiji vya Galilaya na Yudea vilikuwa vimekwenda, lakini nyumba hizi zilikuwa na mali Sicilia, Italia na Ufaransa, na zilithibitishwa kwa hati zilezile. Makanoni na Wabenedikto wakahamia Akka, mji wa pwani, na kuishi kwa mapato ya ng'ambo, wakiendelea kuomba hati zinazotaja mashamba ambayo hawakuweza tena kuyakanyaga. Hiyo nayo ilikuwa akili: mji ukirudi kesho, madai yako yapo kwenye ngozi.

Wengine walijisaidia zaidi. Hati za abasia ya Yehoshafati, zilizonusurika kwa sababu watawa walikuwa na nyumba Sicilia, zina za kughushi nyingi kiasi kwamba kila moja lazima ipimwe peke yake. Ufundi wenyewe tunaujua kwa sababu Papa Inosenti III aliuorodhesha akiwaonya wasomaji wa barua zake: kuna waliochomoa uzi wa muhuri halisi na kuupitisha kwenye barua bandia, na wengine walifuta maneno machache wakaandika yao. Binafsi hati za kughushi huzisoma kwa makini kuliko za kweli, kwa kuwa pale ndipo watawa wanataja haki waliyoitamani bila kuipata, na mara nyingi ni ile ya kutoka chini ya askofu.

Wabenedikto wa Mlima Tabor walikuwa wamegombana na askofu wa Nazareti tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 12, hati ya Paskali II mkononi. Mwaka 1255 Papa Aleksanda IV aliitoa abasia yao nzima, na mali zake, kwa Hospitali. Ndugu waliahidi kuujengea mlima ngome. Mwaka 1263 jeshi la Baybars, sultani wa Misri, lilifika na kulibomoa kanisa.