Picha ya joto ya simu haionyeshi gesi inayovuja

Tangu kampeni ya nishati safi ya kupikia ishike kasi, wananchi wanatuletea sisi wakaguzi wa gesi picha za joto walizopiga kwa vifaa vya kuchomeka kwenye simu. Mtungi umetoka wa bluu, nao wanasema bluu hiyo ndiyo gesi inayovuja. Siyo. Kwenye picha hizo bluu ni ubaridi, na mtungi unaotumika hupoa, kwa kuwa gesi iliyo kimiminika ikigeuka mvuke huchukua joto la chuma.

Kamera ya kukagulia gesi ni kitu kingine kabisa. Propani na butani, yaani gesi za mtungi, na methani ya gesi asilia hufyonza infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwenye mawimbi ya urefu wa takriban maikromita 3.3 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kamera huwekewa kichujio ipokee ukanda huo mwembamba tu, na kihisio chake hupozwa sana ili joto lake lenyewe lisiharibu picha. Gesi ikipita mbele ya ukuta huonekana kama moshi. Kifaa cha simu hupokea maikromita 8 hadi 14, na humo gesi hizi huacha alama hafifu mno.

Lipo sharti linalotuchelewesha, nalo ndilo linalolalamikiwa zaidi: gesi na kilicho nyuma yake visilingane joto. Vikilingana, kamera haioni kitu hata gesi ikimwagika. Mkaguzi anayezunguka na kusubiri upepo utulie hapotezi muda wako.

Kwenye maghala, kamera hujaribiwa kwanza kwa gesi ya kiasi kinachojulikana. Kanuni ya Marekani ya 2016 kwa sekta ya mafuta na gesi inataka ione mvujo wa gramu 60 kwa saa. Mkaguzi huandika upepo, mawingu na umbali, kisha hutazama kila kiungo kwa pembe zaidi ya moja. Kinachovuja hufungwa kibandiko, hutengenezwa, hutazamwa tena. Kanuni ya methani ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inataka matengenezo yasiyowezekana papo hapo yajaribiwe ndani ya siku 5 na yakamilike ndani ya 30, na ukomo wa faini kwa kampuni usipungue asilimia 20 ya mapato ya mwaka.

Tafadhali, ukubwa wa wingu la gesi kwenye video si kipimo cha kiasi kinachovuja.

Nyumbani usisubiri kamera. Ukisikia harufu, funga gesi kwenye mtungi, fungua milango, usiguse swichi. Propani na butani ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Hewa ikishasafika, fungua gesi kidogo bila kuwasha jiko, upake povu la sabuni kwenye mpira na maungio. Kamwe usipime kwa kiberiti. Bado tunakutana na watu wazima wanaofanya hivyo. Mapovu yakitokea, funga tena, na mtungi urudi kwa muuzaji ukiwa umesimama wima.