Kusahau baada ya kiwewe si kujifanya

Katika wodi moja mjini Nakuru, jamaa humwinamia mgonjwa na kumuuliza tena na tena, "Mama, kweli huikumbuki siku nyumba ilipochomwa?", wakiamini kwamba akibanwa atakumbuka, au kwamba anajifanya. Dhana hiyo ni potofu. Kiwewe chaweza kuzifungia kumbukumbu za tukio lenyewe ilhali mgonjwa bado anajua kusuka ukili, na kumshinikiza humzidishia hofu tu. Baada ya daktari kuchunguza kama kuna jeraha la kichwa au kifafa, muuguzi humkumbusha kwa upole alipo na siku ya leo, bila kumsimulia tukio, maana masimulizi ya wengine huweza kugeuka kumbukumbu za uongo. Kumbukumbu zikirudi ghafla, hatari ya kujidhuru huweza kuongezeka, hivyo asiachwe peke yake.