Mume ni Kichwa cha Mkewe: Andiko Hili Halitoi Ruhusa ya Kupiga Wala Kuuza Nyumba

Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia huanza tarehe 25 Novemba, na kipindi hicho dawati letu la ndoa na familia hupokea watu wengi kuliko kawaida. Wengine huja na Biblia kwapani. Mume anafungua Waefeso 5:23, mke anafungua Wagalatia 3:28, "hapana mtu mume wala mtu mke", kila mmoja anasoma aya yake, kisha wote wawili wananitazama.

Niweke wazi kwamba makala hii haigusi utaratibu wa kanisa lolote kuhusu madaraka ya wanawake madhabahuni. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliridhia wanawake kubarikiwa uchungaji mwaka 1990. Kanisa Katoliki halitoi daraja la upadri kwa wanawake. Mambo hayo yana vikao vyake. Hapa ninazungumzia nyumbani.

Kwa sisi tunaosoma kwa Kiswahili, utata mkubwa uko kwenye neno kutii. Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, katika Waefeso 5:22, wake wanaambiwa "watiini waume zenu". Sura inayofuata watoto wanaambiwa "watiini wazazi wenu", na watumwa wanaambiwa vivyo hivyo kwa mabwana zao. Msomaji anaona neno moja, basi anamweka mke fungu moja na mtoto na mtumwa. Kigiriki hakisemi hivyo. Kwa watoto na watumwa kitenzi ni hupakuo, yaani kusikiliza na kutenda ulichoagizwa. Kwa wake ni hupotaso, kujiweka chini ya mwenzako, nacho kinatoka aya ya 21, ambako Wakristo wote wanaagizwa kunyenyekeana. Katika baadhi ya nakala za kale kabisa, aya ya 22 haina kitenzi chake. Inaazima kile cha aya ya 21. Kwa hiyo anayeanzia aya ya 22 ameingilia katikati ya sentensi. Jambo hili nimelieleza semina baada ya semina, na bado watu wanaanzia aya ya 22.

Lazima niwatendee haki wanaoona tofauti. Katika 1 Petro 3:6, Sara anatajwa kumtii Ibrahimu, na hapo kitenzi ni hupakuo chenyewe. Kuhusu neno kefale, kichwa, wapo wataalamu wanaolifasiri kuwa mamlaka na wapo wanaolifasiri kuwa chanzo, na mabishano yao yalipamba moto tangu miaka ya 1980. Nimesoma hoja za pande zote. Kwangu mimi kamusi haiumalizi ubishi huo. Kinachonitosha ni maelezo ya Paulo mwenyewe katika Waefeso 5. Wake wamepewa aya tatu. Waume wamepewa kuanzia ya 25 hadi ya 33, na katika aya zote hizo hakuna inayomwagiza mume amtiishe mkewe. Anaagizwa ampende kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Hata Tamko la Danvers la mwaka 1987, ambalo watetezi wa uongozi wa mume huko Marekani hulitegemea, linautaja ubabe wa mume kuwa upotovu ulioletwa na dhambi.

Halafu kuna Mwanzo 3:16, "naye atakutawala", ambalo baadhi ya waume hulisoma kama sheria ya ndoa. Aya mbili mbele, Adamu anaambiwa ardhi itamzalia miiba. Mbona miiba tunaipalilia kila msimu, wala hakuna anayedhani kwamba anamwasi Mungu?

Sasa sheria, maana hapa ndipo wanandoa wengi hupotea. Kwa Tanzania, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Kumshambulia mtu na kumsababishia madhara ya mwili ni kosa chini ya kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu. Kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. "Mimi ndiye kichwa" si ridhaa ya mke.

Aliyepigwa aende kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, achukue PF3, fomu ya polisi ya kupelekwa kwa matibabu, atibiwe, na fomu irudi polisi ikiwa imejazwa na daktari. Asisubiri kwanza kikao cha wazee wa kanisa. Kwa mgogoro usio na kipigo, mlango ni baraza la usuluhishi la ndoa. Baraza likishindwa kupatanisha, linatoa hati, na ombi la talaka mahakamani huambatanishwa na hati hiyo ikiwa haijapita miezi sita tangu itolewe. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili inahitaji kibali cha mahakama kabla ya ombi kufunguliwa. Mume au mke aliyeitwa na baraza akakaidi kwa makusudi hazuii shauri, kwa kuwa kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu mwenzake aende mahakamani bila hati. Tunza nakala ya kila wito uliopelekwa, na tarehe yake.