Lucera na Waislamu Wake: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Lucera ni mji wa kale uliojengwa juu ya kilima penye uwanda wa Tavoliere, mkoani Puglia, kusini mwa Italia, na anayeusikia kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba Waislamu waliwahi kuuteka. Hawakuuteka. Walikuwa wenyeji wa kisiwa cha Sicilia ambao Kaisari Federico II wa Dola Takatifu la Kirumi, aliyekuwa pia mfalme wa Sicilia, katika kuzima uasi wao, aliwahamisha kwa nguvu kuanzia miaka ya 1220, akawaweka mbali na kwao, katikati ya Wakristo, mahali ambapo hawakuwa na mlinzi mwingine ila yeye.

Wapo wanaomsifu Federico kuwa alikuwa rafiki wa Uislamu. Ni kweli kwamba aliwaacha waswali na kuhukumiana kwa sheria zao, jambo lililomkera sana Papa. Lakini walimlipa kodi, walilima ardhi yake, na wapiga mishale wao walikuwa tegemeo la jeshi lake. Urafiki wa namna hiyo una hesabu zake.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba jumuiya hiyo iliangamizwa kwa sababu ya dini pekee. Mwezi wa Agosti 1300, Charles II wa Anjou, mfalme wa Napoli, aliyekuwa amelemewa na madeni, aliamuru ivunjwe: watu waliuzwa utumwani, na mali zao zikaingia katika hazina yake. Dini ndiyo iliyotangazwa, lakini ingekuwa ndiyo sababu pekee, baba yake, Charles I, aliyeuzingira mji huo hadi ukasalimu amri mwaka 1269, asingewaacha Waislamu waendelee kuishi humo.

Ngome ya mji nayo huitwa ya Federico, ilhali kuta zake, zenye mzunguko wa mita 900 hivi, ni kazi ya Charles I; la Federico ni kasri lililokuwamo ndani, ambalo leo limebaki magofu.

Hata sikukuu ya Santa Maria, yaani Bikira Maria, msimamizi wa mji, inayofanyika katikati ya Agosti, mgeni huidhania kuwa ni ile ile ya Kupalizwa Mbinguni inayosherehekewa Italia nzima. Kwa watu wa Lucera inabeba pia kumbukumbu ya mwaka 1300, Charles II alipouita mji huo Mji wa Santa Maria na kuanza kujenga kanisa kuu lililopo hadi sasa. Kanisa lilidumu, jina halikushika.