Filamu mbili za kivita zenye hadithi ya Kongo: dhana potofu na ukweli

Kuna filamu mbili za kivita za Kimarekani ambazo hadithi zake zinatokea Kongo, na zote mbili ni mwendelezo wa filamu yenye jina kubwa zaidi. Moja ni Sniper: Reloaded ya 2011, ya nne katika mfululizo ulioanza 1993. Nyingine ni SEAL Team Eight: Behind Enemy Lines ya 2014, nayo ya nne katika mfululizo ulioanza 2001. Zilitengenezwa kwa bajeti ndogo, kwa ajili ya DVD, na ni za aina ile inayojaza vibanda umiza vyetu na diski za kuchanganya picha nyingi. Kila zinapotajwa, maoni ni yale yale: picha za bei rahisi, feki, steringi mwenyewe hayupo. Nimezitazama zote kwa hamu, na naona mengi wanayolaumiwa watengenezaji hayastahili lawama. Kosa lao kubwa watu hawaligusi.

"Steringi wa mwanzo hayupo, kwa hiyo wameiba jina"

Lawama hii ndiyo hutangulia. Tom Berenger, aliyecheza askari mdunguaji Thomas Beckett katika Sniper tatu za mwanzo, kweli hayumo katika Reloaded. Anayebeba hadithi ni Brandon Beckett, mtoto wa Thomas, akichezwa na Chad Michael Collins. Lakini Billy Zane, aliyekuwa bega kwa bega na Berenger mwaka 1993, amerudi kama yule yule Richard Miller, na ndiye anayempa kijana mafunzo ya udunguaji. Uzi haujakatika. Berenger naye alirudi mwaka 2014 katika Sniper: Legacy, baba na mwana wakakutana. Anayesema hakuna aliyebaki wa zamani hajaitazama hadi mwisho.

Kwa SEAL Team Eight malalamiko yana uzito kiasi. Filamu nne za Behind Enemy Lines hazina hadithi moja. Ya 2001, yenye Owen Wilson na Gene Hackman, inahusu Bosnia. Ya 2006 inahusu Korea Kaskazini, ya 2009 Kolombia, ya 2014 Kongo. Wahusika hawajuani kabisa. Studio inamiliki jina, na inalitumia kumwambia mtazamaji aina ya hadithi anayoinunua: askari wachache wamenaswa upande wa adui, msaada uko mbali. Ukimsubiri Owen Wilson atokee kichakani, utasubiri hadi majina ya mwisho yapite.

Na kwa wanaoamini kwamba "pati tu" (sehemu ya pili) siku zote ni mabaki ya "pati wani" (ya kwanza): Missing in Action 2 ya Chuck Norris, iliyotoka 1985, ilipigwa sambamba na Missing in Action yenyewe na ndiyo iliyokusudiwa itangulie. Kampuni ya Cannon ilipoona ile nyingine ni nzuri zaidi, ikaitoa kwanza, mwaka 1984. Ndiyo maana "ya pili" inasimulia mambo yaliyotokea kabla ya "ya kwanza".

"Haikuonyeshwa kwenye sinema, maana yake ilikataliwa"

Zilipangiwa DVD tangu siku ya kwanza. Kupeleka filamu kwenye majumba ya sinema kunahitaji fedha nyingi za matangazo, na mara nyingi matangazo hayo yanaweza kuzidi gharama yote ya kupiga filamu ndogo. Studio ikishakuwa na jina linalojulikana, jalada la DVD linajitangaza lenyewe dukani. Kwa hiyo ukitafuta mapato ya tiketi usiyaone, usihitimishe kwamba ilipata hasara. Tiketi hazikuuzwa. Mfululizo wa Sniper umeendelea kuzaa filamu mpya kwa zaidi ya miaka 30, na hakuna studio inayorudia mara nyingi hivyo jambo linaloitia hasara.

"Wameshindwa hata kufika Kongo"

Kweli hawakufika. Zote mbili zilipigwa Afrika Kusini, ambako kuna mafundi waliozoea kazi za kimataifa, vifaa vya kukodi, na utaratibu wa serikali wa kuwarejeshea watengenezaji wa nje sehemu ya gharama zao. Kampuni ya bima haiwezi kuifunika kwa urahisi timu ya filamu inayokwenda eneo lenye vita.

Lakini kama hilo ni dhambi, hata wakubwa wanayo. Bosnia ya mwaka 2001, iliyogharimu dola za Marekani karibu milioni 40, ilipigwa Slovakia. Panama ya Sniper ya 1993 ilikuwa misitu ya Australia. Korea Kaskazini ya 2006 na Kolombia ya 2009 zote mbili zilipatikana kisiwani Puerto Rico. Tunazisamehe zenye nyota wakubwa kwa sababu mandhari yake yamefichwa vizuri zaidi.

"Milipuko na bunduki zake si za kweli kama za filamu kubwa"

Hapa ndipo watazamaji hubishana sana, na hapa ndipo filamu kubwa zimetudanganya zaidi. Lile tufe la moto la rangi ya machungwa tunalolisubiri kila bomu linaporushwa ni petroli iliyowashwa na mafundi. Guruneti halisi la mkono hutoa kimuliko cha kufumba na kufumbua, kisha vumbi na moshi wa kijivu. Kinachoua ni vipande vya chuma na mshindo. Kwa hiyo mlipuko mdogo wenye vumbi tele, ambao watu wanaucheka kwa uhafifu, unaweza kuwa karibu zaidi na ukweli.

Upande wa bunduki, wakosoaji wana haki nusu. Filamu za fedha kidogo hupenda kuongeza mwako wa mtutu kwa kompyuta, na ndiyo maana bunduki huonekana haimsukumi anayefyatua. Jicho la aliyewahi kulenga shabaha hulitambua mara moja. Ila tangu mpiga picha Halyna Hutchins alipouawa kwa risasi kwenye seti ya filamu ya Rust, Oktoba 2021, watengenezaji wengi zaidi, wakiwemo wenye fedha, wameiona njia hiyo ya kompyuta kuwa salama. Sioni haya kuipendelea.

Kisha kuna mtu kuanguka kabla mlio haujasikika. Nimesikia watu wakisema sauti imepishana na picha. Hapana, hiyo ni fizikia. Risasi ya bunduki ya mdunguaji ya milimita 7.62 hutoka kwa mita 800 hivi kwa sekunde, wakati sauti husafiri mita 340 hivi. Kwa umbali wa mita 700, mlio wa bunduki hufika baada ya sekunde mbili, na risasi imeshatangulia kwa karibu sekunde nzima. Filamu inayoonyesha hivyo imefanya kazi yake ya nyumbani.

Hata ile risasi inayopita ndani ya darubini ya adui na kumpiga jichoni haikubuniwa na waandishi wavivu. Inatoka kwenye simulizi la Carlos Hathcock, mdunguaji wa wanamaji wa Marekani aliyehesabiwa kuua maadui 93 vita vya Vietnam. Wataalamu wamelibishia tukio hilo kwa miaka mingi, lakini mwenyewe alilisimulia kama jambo lililompata.

"Mwongozaji wa picha kama hizi hana kipaji"

Roel Reiné, Mholanzi aliyeongoza SEAL Team Eight, amezoea kushika kamera mwenyewe, na mwaka 2015 alitoa filamu kubwa ya kihistoria kuhusu admirali Michiel de Ruyter nchini kwao Uholanzi. John Hyams alipopewa Universal Soldier: Regeneration mwaka 2009, mwendelezo wa fedha kidogo uliopigwa Bulgaria, alitoa kazi ambayo wakosoaji wengi waliisifu. Baba yake, Peter Hyams, mwongozaji mkongwe, ndiye aliyeshika kamera.

"Angalau inatuonyesha vita vya Kongo vilivyo"

Hii ndiyo dhana inayoniuma, kwa sababu huwa haisemwi kama lawama. Husemwa kama sifa.

SEAL Team Eight inajenga hadithi juu ya mgodi wa siri wa urani ambayo haipaswi kuwafikia magaidi. Urani ya Kongo si uzushi: mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ulitoa sehemu kubwa ya madini ya mradi wa bomu la atomiki la Marekani, na serikali iliufunga rasmi mwaka 2004. Lakini urani inavyochimbwa ina asilimia 0.7 tu ya aina inayofaa kwa bomu, na silaha huhitaji karibu asilimia 90. Kati ya hapo kuna viwanda vikubwa na kazi ya miaka. Anayetoroka na gunia la madini hajatoroka na bomu.

Katanga hiyo ni nchi ya Kiswahili. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo, na ndicho kinachosikika Lubumbashi, Bukavu na Goma. Lakini katika picha hizi Wakongo wenyewe wako pembeni: waasi wa kupigwa risasi, au raia wa kuokolewa. Mwenye kuamua ni Mmarekani, na hilo ndilo kosa lao kubwa.

Ukweli ulikuwa tofauti. Mwaka mmoja kabla ya SEAL Team Eight kutoka, Machi 2013, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 2098 na kuunda Brigedi Maalumu ya kupambana na makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo. Iliidhinishiwa askari 3,069, kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Novemba mwaka huo waasi wa M23 walishindwa na jeshi la Kongo likisaidiwa na brigedi hiyo. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, Kivu Kaskazini, kambi ya askari wa Tanzania ilishambuliwa, na wasiopungua 14 wakauawa.